X Haimo

Mwalimu Mkapunda alitutuma mjini na madaftari matupu:
"Leteni herufi. Msilete za kwenye kompyuta.
Nataka zilizopigwa jua."

Nikaanzia ghala la korosho.
Kila gunia limegongwa kwa bati lililotobolewa,
DARAJA LA KWANZA, wino umevuja kwenye nyuzi za katani,
R imevimba mguu kama aliyetembea kutoka Nanyamba.
Nikachora.

Ukuta wa Chikongola: USIKOJOE HAPA FAINI ELFU HAMSINI.
Aliyeandika alianza kwa madaha, herufi nene zenye mabega,
akaishiwa ukuta,
S na I na N na I zikakabana koo kwenye kona.
Chini yake, kwa mkaa, mkono mwingine: *na mbwa je?*
Nikachora hiyo pia.

Kwa kinyozi Chinduli, F ya SAFI imetazama nyuma.
Nikamwambia.
"Mteja ananyolewa," akasema, "hasomewi."

Sikujua kuwa herufi ina tumbo.
Tazameni b, anasema Mwalimu, tazameni o:
lile tupu la ndani nalo linasomwa.

Jumanne nikairudia nyumba yetu, nikaikuta.
Nyekundu. Brashi ya inchi nne. Mistari miwili tu,
aliyepiga hakusimama hata kuvuta pumzi,
rangi imechuruzika mpaka kwenye beseni la Bibi.
X.
Nyumba kumi na moja upande wetu wa barabara.
Kina Somoe wamepigwa mbili, mlangoni na chooni.

Nikapekua abjadi tuliyoimba darasa la kwanza,
tukigonga madawati: U, V, W, Y.
Tuliruka hapo kila siku, hatukujua tunaruka nini.
Haimo.
Haina neno hata moja kwetu,
na ndiyo inayotuhamisha.

"Wameandika nini?" Bibi aliuliza.

Bibi hasomi. Ila ameandikwa:
chale za msichana wa Newala, mashavu yote mawili,
V juu ya V juu ya V,
masizi ya mbarika yamelala ndani miaka sitini,
nafasi kati ya mstari na mstari haijakosea hata unywele.
"Hii ndiyo nembo," alinifundisha nikiwa mdogo.
Chuoni walipouliza nembo ni nini
wenzangu walitaja ya benki, ya soda, ya mtandao wa simu.
Mimi sikunyoosha mkono.
Hilo bado linaniwasha.

Usiku ule nikampima uso kwa rula.
"Baridi," akasema, akacheka.

Ile X sikuifuta, kufuta ni kosa.
Niliiongezea ndugu.
X kando ya X, juu yake, chini yake,
mpaka miguu ikashikana, ikawa V na V,
ikawa shavu.
Somoe akaleta ngazi na kopo lililobaki la rangi ya milango.
Adhana ya alfajiri ilitukuta ukuta wa tatu,
tumechafuka mpaka kope.

Afisa akaja na karatasi yake.
Akasimama, kidole hewani, akiitafuta ya kwake.
"Nani ameandika haya?"
"Mimi," akasema Bibi, ambaye kalamu hajawahi kuishika.
Afisa akamtazama usoni.
Akautazama ukuta.
Akaandika kitu. Sikukiona.

Tingatinga lilikuja, hata hivyo, Februari.
Wakaanza na kina Somoe. Sisi tukasalia na nusu ya ukuta na choo.
Picha sina nzuri, simu ilikuwa inazima.

Kazi yangu imerudi: sitini na moja.
Pembeni, kwa wino wa kijani, Mwalimu ameandika:
*Nafasi kati ya herufi ni kubwa mno.*
Nimeisoma mara nyingi.
Hapo palikuwa na jiko la mama Somoe.