Herufi Moja

Bergen, mvua ya siku ya kumi na tisa.
Tulikuwa wanne katika vyumba viwili juu ya duka la miwani:
mimi, Itohan, Osayuki, na Duangjai wa Udon
aliyetufundisha wali wa kunata, unaoliwa kwa vidole,
na kuhesabu mpaka kumi kabla ya kufungua mlango.

Usiku ule Itohan alihesabu mpaka sita.
Wakaingia watatu, mmoja ana kisu cha kupasulia samaki.
Walichukua simu, pesa ya kodi, mkufu wa marehemu mama yake,
na walichochukua zaidi ya hapo
alikitaja mara moja tu, kwa Kiedo, uso ukutani.

Mimi ndiye niliyesema, tupige polisi.
Hilo ni langu, nalibeba.

Walikuja wawili, wapole,
wamevaa mifuko ya plastiki ya buluu juu ya viatu
wasituchafulie zulia.
Waliandika kila kitu. Yule mwanamke alimshika Itohan bega.
Jumatatu barua ikamfikia Torgeir, mwenye nyumba:
anayewapangisha wanawake wa namna hii
anakula jasho lao, naye sheria inamwita kuwadi.
Torgeir, kuwadi!
Miaka sabini na moja, magoti mabovu,
kila vuli anatuletea jamu ya matunda aliyochuma msituni.
Alisimama kizingitini kofia mkononi
akatupa hadi saa kumi jioni.

Barua ilisema ni kwa ajili ya kutulinda.
Nimeisoma mara nne nikitafuta pale tulipolindwa.

Stesheni, Duangjai alifunua sufuria, wali bado vuguvugu.
Tukala tumekalia masanduku, tukiwapa mgongo wasafiri.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
lakini sikujua kamba nayo huitwa msaada.

Baadaye tukaalikwa ukumbini, kahawa na biskuti,
vibandiko vya majina kifuani (niliandika jina la uongo, kwa hati nzuri).
Huku wakasema: hawa wote ni watumwa wasiojijua.
Kule wakasema: hawa wote ni wafanyakazi, tena huru.
Wakapigana kwa takwimu mpaka chakula cha mchana.
Osayuki alikuwa pembeni yangu, akifinya kikombe cha karatasi.
Yeye aliuzwa. Kwa kiapo, kwa kucha na nywele zake mwenyewe,
na deni ambalo kila akilipunguza lilinenepa.
Mimi nilikopa nauli, nikaja, nikalipa, nikabaki.
Yeye hakuwa huru, mimi sikuwa mtumwa,
na tulilala kitanda kimoja, blanketi moja,
tukigombania upande wa ukutani.
Niambieni, mgemuondoa yupi na kumwacha yupi?

Maana Osayuki aliwaambia. Alitaja majina, alitaja nyumba.
Wakampa karatasi: muda wa kutafakari.
Atafakari nini? Aliyemuuza amejenga Benin City,
ukuta kwa ukuta na mama yake.
Muda ulipokwisha walimkatia tiketi ya kurudi.

Kwa lugha nyingine sijui,
ila katika hii ninayowaandikia
kati ya kuokoa na kuokota kuna herufi moja.
Kinachookotwa hakiulizwi kilikuwa kinakwenda wapi.

Msinielewe vibaya. Siimbi sifa za kazi hii.
Kuna usiku nilioga mara tatu.
Lakini nilikuwa na ufunguo,
na mlango wenye kitasa kwa ndani,
na watu watatu wa kugonga ukuta nikipiga kelele.

Mwezi wa tatu Torgeir alitutafuta hadi akatupata,
tukiwa sasa watatu, chumba cha chini kisicho na dirisha.
Alileta barua iliyokwenda kwake kimakosa.
Kesi ya wale watatu imefungwa:
mlalamikaji hapatikani kwenye anwani yake.

Alileta na chupa ya jamu.
Itohan aliila kwa kijiko, bila mkate,
amesimama, mpaka chini.