Bei ya Jirani

Jumamosi, saa tatu kasorobo, lango la Karura.
Kibao cha bei kina safu tatu:
raia, mkazi, mgeni.
Ingvild kalipa ya mgeni bila kuuliza.
Jun-ho naye, risiti akaipokea kwa mikono miwili
kama anayekabidhiwa mtoto.
Spès wa Gitega akainamia dirisha:
"Na jirani? Jirani analipa ngapi?"
Karani akacheka hadi kofia ikamcheza kichwani.
Bei ya jirani haikuandikwa.
Tukalipa ya wageni, mimi na Spès,
kila mmoja akinung'unika kwa lugha ya mama yake.

Miezi saba niko Nairobi,
na bado nikisema "naomba chumvi"
Kerubo hunijibu, "Chukua, kwani ni ya nani?"
Nimezoea. Nimezoea baridi inayolala nawe shuka moja,
nimezoea kuitwa "Madam wa Kiswahili kirefu"
na watoto wa kliniki yetu ya Kayole,
ambao siku tano kwa juma nawashika makwapani
nikiwafundisha kutembea.

Kerubo akasema tukodi baiskeli
tuzunguke mpaka kwenye maporomoko.
Nikasema nitatembea. Nikasema viatu. Nikasema mgongo.
Mwisho nikasema kweli:
miaka thelathini na moja, sijawahi.

Kwetu Newala baiskeli haikupandwa.
Ilikuwa punda wa kaka Mnali:
madumu mawili huku, mawili kule,
naye kashika usukani, anaisukuma kutoka bondeni
tangu alfajiri hadi jua la utosi.
Msimu wa korosho, kiti kilibeba gunia.
Sikumbuki kuiona tupu.
Sikujua kwamba ikiwa tupu ina sauti yake,
tiki-tiki-tiki, ikiteremka yenyewe.

Jun-ho, fundi wa miguu ya bandia,
mtu wa maneno kumi kwa siku,
akashusha kiti, akakishika kwa nyuma:
"Usiangalie miguu. Angalia mbele."

Nikageuka kumtazama.
Maneno yale ni yangu!
Ndiyo nimwambiayo Mutheu kila Jumatatu
katikati ya zile fito mbili,
naye hunikodolea macho
kana kwamba nimemtuma akavuke bahari.
Jun-ho kayaokota ukumbini kwetu,
kayachukua na lafudhi yangu yote,
hata hiyo "mbele" ya Kimakonde.

Nikaangalia miguu. Nikaanguka.
Nikaangalia tena, nikaingia kwenye mianzi.
Spès kacheka mpaka kaketi njiani.
Mama mmoja akapita mbio na mbwa wake,
mbwa kavaa sweta,
akaniambia pole bila kupunguza mwendo.

Hakuna aliyeniambia kuwa woga
huanzia viganjani.
Unakaza usukani, na usukani unakukaza,
na shingo inasahau kuwa ina kazi ya kugeuka.
Mara ya sita, au ya saba,
nikasikia tiki-tiki-tiki
na nyuma yangu kimya,
hakuna viatu vya mtu.
Alikuwa ameniachia zamani.
Nilitaka kumtukana
lakini njia ilikuwa inakuja upesi mno.

Maporomokoni tukala mayai ya kuchemsha na viazi.
Ingvild akatoa jibini la kwao, la kahawia,
mfano wa kipande cha sabuni ya mche.
Tukalisifu. Kerubo akalifunga lake kwenye jani,
akasema ni la nyumbani, la watoto.
Kerubo hana watoto.

Jioni, langoni, karani yule yule
aliiona suruali yangu, goti nje, damu imekauka:
"Jirani! Umepigana na nani?"
Jirani. Nikamcheka, nikamwonyesha baiskeli.

Usiku nikaosha kidonda kwa maji ya chumvi
nikiwaza Jumatatu, fito mbili, mikono yangu
inayochelewa siku zote kuachia.
Sina neno jipya la kumwambia Mutheu.
Labda nitakunja suruali,
nimwonyeshe goti.