Maabara Nambari Moja

Mlangoni pameandikwa Maabara Nambari Moja.
Nambari mbili haipo. Haijawahi kuwapo.
Tuko kumi na mmoja, bureti ni tatu,
na koki ya moja inavuja hata ikifungwa,
kama mtu asiyejua kunyamaza matangani.
Tumeipa jina: Shangazi.
Atakayepewa Shangazi leo
ajue hesabu zake zitakuja na uongo kidogo.

Feni ya kutolea moshi ilikufa kabla hatujaja.
Dirisha limezuiwa kwa tofali.
Siku Daktari Sitawa alipomimina asidi
juu ya salfaidi ya chuma,
wenzangu walikimbilia dirishani wamebana pua,
Chemtai wa Kapsokwony akiapa
kwamba kuna kuku ametaga kabatini mwaka jana.

Mimi nilibaki nimesimama.

Harufu ile niliijua kabla sijajua kusoma.
Ndiyo iliyorudi na Baba saa nne usiku
kutoka kiwanda cha karatasi,
ikavua viatu, ikaketi mezani,
ikaninyanyua na kuniweka begani.
Ndiyo iliyotafuna mabati yetu hapa chini ya Chetambe
hadi nyota zikawa zinatuchungulia tukila.
Kisha kiwanda kikafungwa.
Hewa ikawa safi,
na chai ikawa haina sukari.

Daktari akaandika ubaoni: H₂S.
Ni hiyo tu? Herufi mbili
na tarakimu ndogo iliyochuchumaa katikati?
Nikainakili polepole,
kama anayejaza jina la marehemu kwenye fomu.

Wiki ya saba sodiamu haidroksidi iliisha.
Mhasibu akasema tusubiri karo za Januari.
Daktari hakusubiri:
kesho kila mtu aje na kitu kikali kutoka kwao.
Atamba alileta maji ya betri ya trekta,
Chemtai maziwa ya kibuyu, yana mkaa wake,
nami nikaenda jikoni kwa Mama kuomba musherekha.

Alikuwa amechoma maganda ya maharagwe,
majivu yamo kwenye kopo lililotobolewa kitako,
maji yanapita humo tone kwa tone,
rangi ya chai iliyosahaulika.
"Unaenda kuipima? Kwani ulimi wako umekufa?"
Nikamwambia, Mama, ulimi hauandikwi kwenye ripoti.
Alicheka hadi moshi ukamkaba.

Kiashiria nacho hakikuwapo.
Wepukhulu, fundi wa maabara, alichuma maua mekundu
kwenye ua wa ofisi ya mkuu wa chuo
(akiniomba nimkingie mwili dirishani)
akayachemsha kwenye jiko la mafuta ya taa.
Nikatia matone kumi ndani ya musherekha.
Kikatokea kijani.
Kijani kilekile, nawaapia,
cha mrenda wa Mama ukiwa umeiva sawasawa.

Kumi na nne nukta mbili.
Kumi na nne nukta tatu.
La tatu Shangazi aliliharibu.

Jioni nilimpigia Mama nikamsomea jibu lote,
hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta.
Akanyamaza. Nilisikia kuku nyuma yake.
"Sasa hiyo ni nyingi au ni kidogo?"
Nikafungua daftari, nikalifunga.
Sijui, Mama.
"Basi sufuria moja, kijiko na nusu.
Ukizidisha, tumbo litakuandikia ripoti."

Mtihani wa kufunga muhula ulikuwa wa salfa tena.
Nikatoka humo jasho limeniganda,
nikapita nyumbani bila kubadili nguo.
Baba alikuwa uani, anagonga mpini wa jembe.
Aliinua kichwa kabla sijabisha hodi.
Akanivua koti jeupe,
akalishika kwa ncha za vidole,
akaenda kulianika mwenyewe
mwisho kabisa wa kamba,
mbali kidogo na nguo nyingine.
Kisha akarudi kwenye mpini wake,
akaugonga pale pale palipokuwa tayari pameingia.