Kidato cha Tano

Ni vidato saba kushuka kutoka mtaani.
Cha tano kimemeguka. Mgeni hujikwaa,
mzoefu hukiruka bila kutazama.
Ndivyo ninavyowajua kabla sijaona nyuso,
mimi nyuma ya kaunta, taulo begani,
nikifuta glasi mpaka ziwe kama hazipo.

Tbilisi, Oktoba, mvua ya rasharasha.
Dirisha letu liko usawa wa barabara:
twaona viatu tu, na magurudumu,
na yule mbwa wa Sololaki anayechungulia
kama mkaguzi wa kodi.

Saa mbili na nusu kidato kilirukwa.
Dakika kumi baadaye, kikarukwa tena.
Eteri, koti la kijani, bahasha kwapani.
Tengiz, na mwavuli uliovunjika ubavu.
Hawakubusiana. Walipeana mikono
kama watu wa benki.
Chanda na pete, ungesema zamani;
chanda bado kipo,
pete imeacha mstari mweupe.

"Ileile?" niliuliza.
"Ileile," wakajibu kwa pamoja,
kisha wakaona haya kwamba wamekubaliana.

Ileile ni divai ya rangi ya kaharabu,
iliyolala miezi sita mtungini,
mtungi wenyewe umezikwa hadi shingoni,
zabibu na maganda yake, na kokwa, na vikonyo,
hakuna kilichotengwa na mwenzake
mpaka majani yachipue.
Ina uchungu kidogo mwishoni,
kama chai iliyosahauliwa mezani.
Wapo wanaoirudisha. Hawa hawajawahi.

Kwamba wameuza nyumba leo, sikuambiwa na mtu.
Baa ndogo kuta zake ni masikio.
Vyumba viwili, roshani ya mbao inayolia,
miaka kumi na minane, mnunuzi daktari wa meno.
Pesa walikwisha kuzikata katikati kama tikiti.
Kilichowashinda ni kigoda cha piano.
Piano iliuzwa mwaka wa dhiki, kigoda kikabaki,
na kila mmoja alitaka mwenziwe akichukue.
"Wewe ndiye uliyekikalia."
"Wewe ndiye uliyekitia mguu mpya."
"Mguu wenyewe mfupi."
"Basi, si uchukue uwe unanikumbuka nikiyumba?"

Nikawapelekea jibini na jozi. Hawakuagiza.
Nikasema ni za bure. Hazikuwa za bure.

Kwenye kona, wanafunzi wanne na chupa ya tatu.
Hapa kwetu hakuna msimamizi wa kunyanyua glasi,
mwenye duka alikataza hotuba;
kila mtu anywe kimya chake, alisema, huu ni mji.
Lakini Gocha, kijana wa masikio makubwa,
alisimama hata hivyo, akageukia ukumbi mzima:
"Kwa nyumba zenu!
Na zisikose wa kuwafungulia!"

Nikaacha kufuta.

Eteri ndiye aliyeanza kucheka,
cheko la puani, la mtu anayejizuia kanisani,
halafu likamshinda, akajifuta macho kwa bahasha.
Tengiz akatia mkono mfukoni,
akaweka ufunguo kando ya jibini.
"Ulimwambia daktari umeupoteza!"
"Nilimwambia."
Eteri akatazama dari. Akafungua mkoba,
akapekua risiti, dawa ya kikohozi, kitana,
akaweka wa kwake kando ya ule.
Meno yaleyale. Kutu mahali palepale.
"Wangu nilisema umeanguka mtoni," akasema.

Wakanywa. Kwa nyumba, nadhani.
Gocha alikwisha kukaa, anazungumzia mtihani.

Bili waligombania, hatimaye nusu kwa nusu.
Funguo mbili wakaziacha kwenye kisahani,
juu ya sarafu zangu.
"Akija kunywa, mpe," Tengiz alisema.
Daktari wa meno atakuja hapa kufanya nini?
Nimezitundika penye kizibuo.

Nilikuwa nimeinama kwenye beseni walipopanda.
Mmoja alikiruka kidato cha tano.
Mmoja akajikwaa.
Povu lilikuwa hadi viwikoni.
Sikugeuka kuona nani.