Wapangaji wa Bi Leida

Tartu, Februari. Mto umeganda,
na mbele ya kliniki mzee mmoja anamwaga mchanga juu ya barafu
tusije tukavunjika nyonga.

Bi Leida Vaherpuu, miaka sabini na minane,
mkutubi mstaafu, meno thelathini:
"Mawili aliyang'oa daktari wa jeshi. Yaliyobaki ni yangu."
Tunamlipa yuro ishirini kwa kuwa mzima.
Ndiyo kazi yangu. Wenzangu hutafuta ugonjwa,
mimi naitafuta afya, ilivyo ikiwa haina habari.

Nyumba njema si mlango.
Nashika kijiti cha karatasi, chembamba kama mwiba wa samaki,
nakipenyeza baina ya jino na ufizi,
milimita moja, mbili, hapo kinagota,
nahesabu hadi thelathini.
Yeye anatazama dari.
Nje gari la theluji linapita likikwaruza lami.

Huko chini hakuna jua, na hewa ni ya kukopa.
Maji yake ni jasho la damu, yana chumvi kidogo,
yanachuruzika usiku na mchana.
Humo wamo.
Waliotangulia walishika ukuta wa jino
mara tu mswaki ulipotoa mguu,
wa pili wakawashika hao mabega,
kisha warefu, wembamba kama nyuzi,
wakaunga huyu na yule ambao wasingesalimiana.
Mmoja anatema tindikali, jirani anaila,
anashiba, naye anatema chake,
na hakuna kinachoitwa taka hadi umfikie wa mwisho.
Chembe nyeupe za damu zinapiga doria kizingitini;
mtaa haziuvunji,
zinasikiliza tu kelele zisivuke uzio.

Nilifunzwa kwamba lila na fila havitangamani.
Njoo basi uchungulie hadubini yangu.
Yule adui wa fizi, ambaye kwa wagonjwa
hutafuna hadi mfupa ukalegea,
naye yumo. Wachache, kimya,
kama mlevi kwenye harusi ya watu wa heshima:
wamemwona, wamemkalia kushoto na kulia,
hapati pa kusimama aanze kuimba.
Huenda afya ni hilo tu.
Sijui. Mwaka wa kumi na sita huu naandika ripoti ileile.

Jumatano matokeo yakatoka.
Nikayalinganisha na akiba ya jokofu,
vichupa vya utafiti wa zamani, themanini chini ya sifuri.
Herufi kwa herufi, ukoo wa mlevi yule
ukaoana na kichupa kimoja:
mwanamume, meno kumi na tisa, fizi zinazovuja damu.
Namba tu, lakini mwandiko ni wangu,
na sura yake nilikuwa naikumbuka.
Endel Vaherpuu. Miaka kumi na mmoja kaburini.

(Daktari Saarniit alisema: hilo halimo kwenye fomu ya ridhaa.
Kweli, halimo.)

Aliporudi kwa kipimo cha pili nilimwambia.
Nilisema kitaalamu, vibaya, nikizitazama glavu zangu:
walalao kitanda kimoja hupeana,
waonjao supu kwa kijiko kimoja;
hawa ni wazao wa wazao wa wazao,
hawamkumbuki mtu, hawakumjua Endel.

Akanyamaza. Akauliza kama wanamdhuru.
Nikasema hapana, si hapo walipo.
"Naye alikuwa hivyohivyo," akasema.
"Peke yake, hasara. Alitaka akaliwe na watu."

Nikampa kikombe cha dawa asukutue, kama ada.
Akakinusa. Mnanaa.
Akakirudisha kwenye trei kimejaa vilevile,
akavaa kofia yake ya sufu, akanilipa kwa kichwa, bila neno,
akashika njia ya barafu na mchanga,
mdomo kaufumba.