Kijani Kilichozidi

Saa kumi na moja alfajiri kengele ya meli inalia
na wageni wanatoka vyumbani
wamefura kama maandazi ndani ya makoti mekundu ya kampuni,
darubini shingoni.
Mbele yetu volkeno imejifunika wingu hadi mabegani.
Inapumua. Harufu ya kiberiti inafika sitahani
kabla ya kahawa.

Mimi ni Akulina. Nimelipwa niseme majina.
Yule mwenye mdomo wa rangi ya chungwa ni pafini.
Wale weusi waliopanga foleni gengeni ni minandi.
Huyo anayeelea chali, mtoto kifuani
kama kitabu cha mtu aliyepitiwa na usingizi, ni fisimaji.
Kamera zinaalika kama bisi.
Hakuna anayeuliza nimeyajuaje.

Bwana Lindqvist hapigi picha.
Ana daftari lililolowa pembe, na ndege mia sita na kumi
aliowatilia alama tangu mkewe akiwa hai.
Anamtaka mmoja tu, yule mdogo mwenye masharubu meupe,
anayekula kwenye mikondo hii
ambapo bahari mbili hugombana.
"Marehemu alimkosa kwa dakika tano," ananiambia.
"Alikuwa ameshuka kunifuatia glavu."
Husema hivyo kila asubuhi,
na kila asubuhi glavu hubadilika rangi.

Boti za mpira zinatuzungusha ghubani.
Mlima wote ni kijani cha kawaida,
kijani kilichopaushwa na upepo na chumvi;
ila pale, juu ya ufuko wa mchanga mweusi,
kuna mashimo kumi na tisa,
na ndani yake nyasi zimefika kiunoni,
kijani kilichozidi,
kijani kinachokaribia kuwa kelele.

"Mbona pale pamestawi hivyo?" akauliza mama mmoja wa Ohaio.

Nimelipwa niseme.
Ningesema: bibi yangu Paraskeva alizaliwa
katika shimo la tatu kutoka kijitoni.
Ningesema: mwezi Juni, vita vya wakubwa vilipopamba moto,
ilikuja meli, nayo ilikuwa na kengele.
Kila mtu mzigo mmoja.
Bibi, miaka tisa, akachukua birika
akasahau mfuniko.
Wakapelekwa kwenye miti, wao ambao hawakuwahi kuishi na miti,
na miti ikawanyima upeo wa macho,
na kikohozi kikawapunguza mmoja mmoja,
na waliobaki wakaambiwa kwenu ni mbali, haifai.
Ningesema: hizo nyasi zinakula bado
mifupa ya samaki, majivu, mafuta ya sili,
maji yaliyoogesha watoto wachanga.
Udongo haujasahau kulishwa.

"Ni mbolea," nikasema.
"Aa," akasema mama wa Ohaio, akageuza darubini
kwa simba-bahari aliyekuwa anapiga miayo.

Mgeni kaja. Mwenyeji yu wapi wa kupona?

Usiku taa za meli huwadanganya ndege.
Saa tisa nikakuta kitu sitaha ya nyuma, kati ya kamba,
kikubwa kama ngumi ya mtoto, kimelowa,
masharubu meupe yametawanyika mashavuni,
kishungi kimeanguka usoni kama nywele za mlevi.
Moyo wake ulikwenda kiganjani mwangu kama cherehani.

Hadi chumba namba ishirini na mbili ni hatua arobaini.
Nilikwenda thelathini na nne.
Nikamsikia anakoroma, au analia;
mlango wa chuma hausemi kweli.

Nikapanda tena juu. Nikazima taa ya nyuma,
jambo ambalo sina ruhusa nalo.
Gizani nikalitaja jina la kijiji, mara moja, kwa sauti ya kawaida,
kama mtu anayemwelekeza dereva,
kisha nikafungua vidole.
Sijui kama niliiba au nilirudisha.

Asubuhi, juu ya mayai yaliyopoa:
"Akulina, kuna lolote?"
"Ukungu tu, Bwana Lindqvist."
Akaitikia kwa kichwa, akafungua daftari, akalifunga.
"Marehemu, unajua, alimkosa kwa dakika tano."

Leo glavu zilikuwa za kijani.