Dirisha la Tiketi

Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya kioo hiki,
Mtaa wa Arobaini na Tano, New York.
Mimi hujua mchezo utaishi ama utakufa
kabla wachezaji wenyewe hawajajua.
Simu huniambia.

Jumanne ile walifungua "Mnara wa Maji":
nyimbo ishirini na mbili kuhusu mji mdogo wa Nebraska
unaogombana juu ya tangi.
Usicheke. Abner Lindqvist aliutunga kwa miaka saba
huku mchana akiuza viatu,
na mama yake alikuja kwa basi kutoka Omaha
na keki ndani ya kasha la kofia.

Safu ya F, kiti cha pembeni, aliketi Bwana Oakley
wa gazeti la asubuhi. Kiti hicho hakiuzwi.
Penseli fupi. Koti hakulivua.
Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia la nyuma:
watu mia tisa walicheka pamoja,
yeye akaandika neno moja.
Watu mia tisa wakanyamaza pamoja,
akaandika mawili.

Saa saba usiku tulikuwa mkahawani kwa Mgiriki,
waigizaji wangali na rangi masikioni,
tukingoja gari la magazeti.
Delphine aliagiza supu, hakuinywa.
Mtayarishaji wetu, Gittelman, akasoma kwa sauti
sentensi ya kwanza,
ya pili akaisoma moyoni,
kisha akalikunja gazeti likawa dogo, dogo zaidi,
kama mtu anayetaka litoshe ndani ya pete.

"Tangi linavuja." Ndivyo lilivyoanza.
Aya nne. Miaka saba kwa aya nne.

Walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Hawakusema akitukanwa
wangapi hulala njaa:
wapiga fidla kumi na mmoja,
mafundi wa taa, Bibi Wojtas wa sindano,
na mimi.

Asubuhi simu ililia mara mbili.
Mmoja alikosea namba.
Mwingine alitaka kurudisha tiketi za Ijumaa,
walimu arobaini kutoka Yonkers,
na alipotamka "tumesoma"
alishusha sauti, kama atoaye rambirambi.
Ukumbi wa jirani, foleni ilikunja kona mvuani
kwa ajili ya mchezo ambao Oakley huyohuyo aliuita "asali".
Niliuona. Asali ya dukani.

Gittelman akachomoa maneno matano katika zile aya,
akayatundika juu ya mlango kwa herufi za futi mbili:
SIJAPATA KUONA MCHEZO KAMA HUU!
Sentensi iliendelea; sisi hatukuiendeleza.
Alama ya mshangao ilikuwa yake mwenyewe.

Lakini nami niseme, maana hakuna anayeniuliza:
kitendo cha pili kilikuwa kirefu.
Ule wimbo wa bomba ulistahili kisu.
Oakley hakusema uongo.
Alisema kweli upesi, kabla haijaiva,
kwa watu laki sita wakinywa kahawa.
Wiki ya pili Abner aliukata wimbo,
na usiku ule mchezo ukasimama, ukapumua,
ukaenda kwa miguu yake
mbele ya watu sitini na watatu.

Jumamosi ya mwisho, dakika tano kabla ya taa kuzimwa,
mkono wenye glovu ulisukuma noti chini ya kioo.
"Moja. Nyuma kabisa."
Niliijua sauti. Niliijua penseli mfukoni.
Ningeweza kusema tumejaa;
viti mia nane vingenicheka.
Nikamkatia tiketi, nikahesabu chenji polepole,
senti kwa senti,
aisikie kila moja ikigonga.

Jumatatu nilisoma gazeti lote, hadi bei za samani.
Alikuwa ameandika kuhusu mchezo mwingine.

Nje, mtu wa ngazi alikuwa akishusha herufi.
Alianza na ile alama ya mshangao.